Mkurugenzi anataka mama alie mbele ya kamera

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpiga video wa shirika dogo linalochimba visima vijijini. Wafadhili wameomba video ya dakika tatu. Mkurugenzi amenipa maswali ya kumhoji mama mmoja, na la kwanza ni: "Umepoteza watoto wangapi kwa maji machafu?" Anasema bila machozi pesa haitoki. Mama ameshasaini fomu ya ridhaa, lakini nafsi inanisuta. Nifanyeje?
Kijana wa Kamera

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo fomu. Aliisaini lini, mbele ya nani? Kama aliweka dole gumba siku ya kugawiwa ndoo, mbele ya ofisa anayeshika orodha ya wanufaika, angekataaje? Mrudie siku isiyo na mgao, uende na mtu wa palepale anayemwamini. Mweleze kwa lugha ya kwao kwamba video haitaishia kwa wafadhili. Itafika kwenye simu ya shemeji yake na ya walimu wa wanawe. Mwambie kisima kitachimbwa hata akikataa. Kama hilo huwezi kumhakikishia, kamera ibaki mkobani.

Lile swali la kwanza litupe. Aliyefiwa akitaka kumtaja mwanawe atamtaja mwenyewe. Wewe muulize alichofanya: nani alimfuata mwenyekiti wa kijiji, nani aligoma kuchanga, fedha za pampu anatunza nani. Mpige picha akifungua daftari la kamati ya maji, kidole kikishuka kwenye majina hadi kwa yule jirani ambaye hajalipa tangu mwaka jana. Hapo atacheka au atafoka, na vyote viwili ni vyake. Akimaliza kujibu, usirukie swali jingine, nyamaza kidogo. Mengi ya maana husemwa pale mhoji anapotulia. Aongee lugha yake na uweke manukuu, maana sauti ya mkalimani ikipandishwa juu ya yake, mama wa watu anabaki kuchezesha midomo tu.

Sasa mkurugenzi. Hajakosea kwamba machozi huleta pesa. Picha alizopiga Mohamed Amin, mwana wa Nairobi, kule Korem, Ethiopia, zilirushwa na BBC Oktoba 1984 na dunia ikachanga mamilioni. Sizibezi, watu walikuwa wanakufa njaa na dunia ilikuwa imelala. Lakini ninyi mnachimba kisima, na wenye kisima wako hai, wana kamati na wana daftari.

Msimulie pia ya Kony 2012. Filamu ya nusu saa ya shirika la Marekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, Machi 2012 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Ilipoonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioteswa na waasi hao hao, walikasirika hadi mawe yakarushwa. Walikuja kutazama habari zao, wakamkuta Mmarekani mwenye kamera na mwanawe mdogo. Muulize bosi wako: yetu tutathubutu kuionyesha pale kisimani?

Na uionyeshe kweli, kabla haijatumwa popote. Watakusahihisha jina la kitongoji, watabishana mwaka. Mama akisema kipande fulani kitoke, kinatoka, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko vyote. Akiomba asijulikane, kumweka gizani hakutoshi. Kijijini mtu hutambulika kwa sauti, kwa kanga yake, hata kwa ufa wa ukuta wake. Piga picha za mikono na mandhari ya mbali, maneno yake asome mwingine.

Mkurugenzi akishikilia msimamo, mwombe akuagize kwa maandishi kwamba lile swali liulizwe. Kalamu huwa nzito hapo. Na nauli ya kurudi kijijini kuionyesha video iingize kwenye bajeti sasa hivi, kabla mhasibu hajaifunga.