Ukitaka muziki mpya, mpelekee mtunzi klarineti yako

Vijana wananiuliza swali lile lile: mtu anaishije kwa kupuliza klarineti hapa Nairobi? Haishi kwa kazi moja. Jumamosi nafundisha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane, okestra ikiniita naenda, harusi ikiniita naenda mbio zaidi kwa sababu harusi hulipa siku hiyo hiyo. Hayo mnayajua. Lisiloulizwa ni kuwaagizia watunzi muziki mpya, na huko ndiko nilikoumia.

Mara ya kwanza nilimwomba rafiki yangu tukiwa kwenye chai. Kitu cha dakika kumi, nikamwambia, klarineti na piano. Pesa hatukutaja, tarehe hatukutaja. Yeye akajua atalipwa, mimi nikajua ni urafiki. Nota zilinifikia siku 11 kabla ya tamasha, na ukurasa wa pili ulikuwa na noti za kasi zinazoruka kati ya A na C, mbele na nyuma, mistari miwili mizima.

Kwa asiyejua: ile A tunayoiita ya shingoni unaipata kwa kugusa kitufe kimoja tu kwa kidole cha shahada, matundu yote yako wazi. Ile C iliyo juu yake inataka vidole vyote vishuke pamoja, gumba lizibe tundu la nyuma na kubonyeza kitufe cha rejista kinachopandisha sauti, kidole cha mwisho nacho kiwahi. Tundu moja likivuja, ala inalia kama bata aliyekanyagwa. Kwenye piano hizo ni noti mbili zilizo karibu karibu, na rafiki yangu ni mpiga piano. Nililia kibata mbele ya watu, yeye akiwa safu ya kwanza. Hatukusemezana karibu mwaka mzima, na kosa lilikuwa langu.

Siku hizi nalipa nusu kabla hajaandika hata noti moja. Iwe elfu tano, iwe elfu hamsini, inatangulia. Tunaandikiana karatasi moja: dakika ngapi, ala gani, nota zifike miezi miwili kabla ya tamasha, nani ana haki ya kurekodi. Mtunzi anayeona karatasi ni kumtilia shaka, mwache aende zake.

Kisha nabeba klarineti hadi kwake. Hii usiiruke. Nakaa naye saa mbili, namwonyesha sauti za chini zenye giza, namwonyesha jinsi noti inavyoweza kuanza kimya kabisa usijue imeanza lini, namwonyesha na darajani, pale kati ya A na C, panaponitesa. Mmoja aliniambia hiyo ni ala ya Kizungu, hajui aiandikie nini. Nikaifungua, nikampa kipande cha juu. Akakinusa, akakipima mkononi. Mpingo! Naam, ndio huo huo wa vinyago vya Kimakonde, unaokatwa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ukapanda meli kwenda viwanda vya Ulaya, kisha tukauziwa kwa bei inayoshinda ya pikipiki. Wiki ile ile akaanza kuandika.

Mambo haya si mageni. Brahms, mtunzi wa Kijerumani, alikuwa ameshaamua kuacha kutunga, mpaka alipomsikia Richard Mühlfeld akipuliza klarineti kule Meiningen, Ujerumani, mwaka 1891. Kiangazi hicho akamwandikia kazi mbili, na mwaka 1894 akaongeza sonata mbili za klarineti na piano. Na usione haya kuomba noti zibadilishwe. Benny Goodman, nyota wa klarineti ya jazi Marekani, alimwagizia mtunzi Copland konseto, yaani kazi ya klarineti na okestra, mwaka 1947, na sehemu ya mwisho ilibidi ilegezwe kwa kuwa ilimshinda. Goodman yule!

Anza na kitu kifupi, dakika tatu, klarineti peke yake, usije ukatafuta na pesa ya mpiga piano. Tena usikipige mara moja ukakitia kabatini. Mara ya kwanza watu huja kwa sababu ni kipya. Ya pili ndiyo ya kuhangaikia.

Mimi nyimbo hizi hurudi nazo darasani. Wanafunzi wangu wengi wametoka kwaya, wanasoma solfa, kwa hiyo ukiwaambia C iliyoandikiwa klarineti inasikika kama B-flati ya piano hawashtuki. Kwao do imezoea kuhama. Mwezi uliopita nilikwenda na mmoja wao, wa miaka 12, kwa mtunzi. Akapuliza rasimu mpaka nusu, akasimama, uso umemwiva. "Samahani, mzee, hapa napumua wapi?"

Mzee akatazama ukurasa wake muda mrefu. Akachukua penseli, akachora koma ndogo juu ya mistari.