Maswali na Majibu ya Sheria: Picha ya Kweli, Habari ya Uongo

Swali: Nimetazama filamu ya Kijapani ya mwaka 1950 iitwayo Shubun, yaani Kashfa, ya Akira Kurosawa. Picha iliyochapishwa na jarida ni halisi: mchoraji na mwimbaji walikuwa pamoja kwenye baraza ya nyumba ya wageni, ila jarida likawaita wapenzi na mchoraji akalishtaki. Kwa sheria ya Japani, jarida lilikosea nini? Na je, wakili wa mdai kusimama mahakamani na kukiri kwamba alikula rushwa kunatosha kumpa mteja wake ushindi?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na picha, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Aoye, mchoraji, alimpakia Saijo kwenye pikipiki yake baada ya mwimbaji huyo kukosa basi, na wote wawili wakafikia nyumba moja ya wageni milimani. Wapigapicha wa jarida la Amour walikuwa wamekataliwa kuonana na mwimbaji. Walipowaona wawili hao barazani wakitazama mandhari, wakawapiga picha kwa siri. Ukifuta maandishi yote, picha ile haisemi chochote zaidi ya kwamba watu wawili wamesimama mahali pamoja. Mapenzi yaliwekwa na kichwa cha habari na maelezo yaliyozungushiwa picha, na mahakama hupima maana anayoipata msomaji wa kawaida anapousoma ukurasa mzima. Kamera haikusema uongo, lakini ukurasa ulisema.

Sisi tuliosomea sheria yenye asili ya Uingereza tumezoea kwamba katika shauri la madai ukweli ni kinga kamili: ukithibitisha uliyoyaandika, umepona. Japani sivyo. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo ni ya mwaka 1907, kinamtia hatiani anayemvunjia mtu heshima hadharani kwa kutaja jambo mahususi, liwe la kweli au la uongo. Mwaka 1947, Katiba mpya ilipoanza kutumika na uhuru wa kujieleza ukalindwa na kifungu chake cha 21, Kanuni hiyo iliongezewa kifungu kinachomwondolea mwandishi adhabu iwapo jambo linahusu maslahi ya umma, lengo lake kuu ni manufaa ya umma, na ukweli wake umethibitishwa. Masharti hayo matatu huenda pamoja. Kwa hiyo hata kama Aoye na Saijo wangekuwa wapenzi kwelikweli, Hori, mhariri wa jarida hilo, angebaki na kazi ngumu ya kueleza umma unafaidika nini kwa kujua mwimbaji analala wapi.

Hayo ni ya jinai, nawe umeuliza kuhusu kesi ambayo ni ya madai. Msingi wake ni kifungu cha 709 na cha 710 cha Sheria ya Madai, vinavyohusu fidia kwa madhara, yakiwemo yale yasiyo ya mali. Mahakama ya Juu ilitamka waziwazi mwaka 1966 kwamba kinga ile ya jinai inatumika pia katika madai, na kwamba ni mchapishaji anayepaswa kuthibitisha ukweli. Haki ya faragha nayo ilitambuliwa na Mahakama ya Wilaya ya Tokyo mwaka 1964. Filamu ilitangulia hukumu hizo mbili, na ndiyo maana hoja zake za kisheria zinaonekana nyepesi kwa macho ya leo.

Sasa tuje kwa Hiruta, wakili mwenye binti anayeumwa kifua kikuu, aliyemwendea mdai, Aoye, kujitolea kumwakilisha na kisha akapokea hundi kutoka kwa Hori. (Kurosawa aliandika baadaye kwamba filamu ilikusudiwa kuyashambulia magazeti ya udaku, lakini mhusika huyu akamteka yeye na kalamu yake, nami naona filamu ilinufaika.) Hiruta anaposimama mahakamani na kuitoa ile hundi, mtazamaji anahisi kesi imekwisha. Kiutaratibu haijaisha. Maneno ya wakili akiwa kwenye meza yake ni hoja, si ushahidi. Ili yawe ushahidi ni lazima aingie kizimbani kama shahidi, aapishwe na kudodoswa na upande wa pili. Wajibu wa wakili wa kutunza siri haumzuii, kwa kuwa unamlinda mteja, wala haumlindi mpinzani aliyetoa hongo. Kwa kawaida angejitoa, Aoye akapewa muda wa kutafuta wakili mwingine, na majaji wakaandika hukumu yao na kuisoma siku nyingine.

Uzito wa hundi hiyo uko mahali pengine. Haithibitishi moja kwa moja kwamba habari ilikuwa ya uongo, bali inawaruhusu majaji kujiuliza kwa nini mtu mwenye ushahidi ahangaike kumnunua wakili wa mwenzake. Kwa mdaiwa ambaye mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwake na hana shahidi hata mmoja wa mapenzi hayo, swali hilo linaua utetezi. Kwa Hiruta mwenyewe hatari ilikuwa kubwa kuliko filamu inavyoonyesha: Sheria ya Mawakili ya mwaka 1949, kifungu cha 26, inamkataza wakili kupokea manufaa kutoka kwa upande wa pili katika shauri analolishika, na kosa hilo lina adhabu ya jinai, mbali na hatua za kinidhamu za chama cha mawakili.

Ukiniuliza ningemshauri Aoye aombe nini, ningeanza na kifungu cha 723 cha Sheria ya Madai kabla ya fedha. Kinairuhusu mahakama kuamuru hatua za kurudisha heshima ya aliyekashifiwa, na Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1956 kwamba kumlazimisha mdaiwa kuchapisha tangazo la kuomba radhi hakuvunji Katiba. Ningeomba tangazo hilo litoke katika Amour yenyewe, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa kichwa cha habari kilichowaita wapenzi.