Kuandaa injini ya turbo kwa gari la kila siku: turbo ndiyo ya mwisho kuchagua

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Injini ni ya lita 2.0, silinda nne, haijawahi kuwa na turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi), kompresheni 10:1, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mpaka sehemu moja ya kumi. Gari ni la kila siku, unalenga nguvu za farasi 300, na kuna turbo kubwa ya mtumba umeshaitolea macho. Unauliza kama pistoni za foji (zilizofinyangwa kwa kugandamizwa, si kumiminwa) ni lazima, na kama kompresheni ishuke hadi 8:1. La kwanza ndiyo, kwa farasi 300. La pili hapana. Na hiyo turbo usiilipie kwanza.

Swali ninaloanza nalo mimi ni petroli. Utaweka petroli gani kila siku, pamoja na ile siku tanki limekaribia kukauka na uko mbali na kituo ulichozoea? Kama jibu ni oktani 95 (namba ya uwezo wa petroli kutolipuka yenyewe ikibanwa), basi kila kitu kinapangwa kwa 95. Gari la barabarani likituniwa (kompyuta yake ikipangiwa petroli na wakati wa cheche) kwa 98 halafu siku moja likajazwa 95 na mtu akakanyaga mpaka mwisho, litagonga. Kugonga huko maana yake ni kwamba mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda umelipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Shinikizo linapanda ghafla na linapiga pistoni.

Injini za namna hiyo nimezifungua. Unatoa plagi, unaitazama ile kaure nyeupe kwa lenzi, unaona vichembe vidogo sana vinang'aa: ni aluminiamu ya pistoni. Ukitoa pistoni yenyewe, ule ukingo mwembamba kati ya pete zake, yaani ringi ya kwanza na ya pili, umemeguka. Mwenye gari anachojua ni kwamba lilipungua nguvu kidogo, kisha likaanza kula oili na kutoa moshi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiyo itakayokuchagulia vitu. Injini yako bila turbo inatoa farasi kama 150. Ukitaka 300 unahitaji takriban mara mbili ya hewa, yaani bosti (shinikizo ambalo turbo inaongeza) ya karibu bar 1, na hewa ya kilo 13 hadi 14 kwa dakika ukiwa kwenye mizunguko 6,500. Hewa ikigandamizwa inapata joto. Ikiingia na nyuzi 25 za Selsiasi, kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70 inaitoa na nyuzi kama 118. Intakula (rejeta ya kupoza hewa hiyo) nzuri ikiondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka, injini inavuta hewa ya nyuzi 53 hivi. Intakula mbovu, au iliyofichwa mahali hewa haipiti, inakuletea nyuzi 80, na hapo fundi wa kutuni atalazimika kurudisha taimingi (wakati plagi inapowasha) nyuma mpaka zile farasi ulizozifuata zote zipotee. Ndiyo maana mimi huipangia intakula nafasi yake mbele ya gari kabla sijafikiria turbo itakaa wapi.

Kuhusu pistoni. Za kiwandani kwenye injini isiyo na turbo mara nyingi ni za kumimina kwenye kalibu. Zinavumilia bosti ndogo, bar 0.4 au 0.5, kama injini ni nzima na kutuni kumefanywa kwa uangalifu. Ukikubali farasi 210 hadi 220, unaweza usifungue injini kabisa, na mimi naona kwa gari la kwendea kazini hilo si jambo dogo. Ila kwa 300, fungua.

Pistoni za foji ziko za aloi mbili utakazokutana nazo sana, 4032 na 2618. 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, kwa hiyo inafungwa kwa nafasi ndogo na haipigi kelele asubuhi injini ikiwa baridi. 2618 inavumilia mateso zaidi, lakini inatanuka zaidi, inahitaji nafasi kubwa, na injini ikiwa baridi utaisikia. Kwa lengo lako na matumizi yako, ningechukua 4032 bila kusita.

Halafu ringi. Hapa simama na fundi wako, usiondoke. Ringi inawekwa ndani ya silinda, inasukumwa chini kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha unapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 86 na bosti yako, ringi ya juu inataka mwanya wa kama milimita 0.43, fuata karatasi ya mtengenezaji wa pistoni kama inasema tofauti. Ukikuta mdogo, unapiga tupa kidogo kidogo, upande mmoja tu, unasafisha, unapima tena. Inachosha. Lakini ringi ikipata joto la bosti inarefuka, na ncha zikikutana haina pa kwenda; inakwama kwenye silinda na kumega pistoni hata kama injini haikugonga kamwe.

Kompresheni: wazo la 8:1 ni la zamani, kabla ya intakula nzuri na kompyuta za kisasa. Ukishuka huko gari linakuwa zito chini, kabla turbo haijaamka, na hapo ndipo gari la barabarani linaposhinda muda mwingi. Lakini kubaki na 10:1 kwa bar 1 na petroli ya 95 ni kujitafutia balaa. Oldsmobile walijaribu njia hiyo mwaka 1962 kwenye Jetfire: kompresheni 10.25:1 pamoja na turbo, na ikabidi gari libebe tanki la mchanganyiko wa maji na methanoli wa kuipoza. Wenye magari wengi hawakulijaza. Wewe nenda 9:1, na uipate kwa umbo la pistoni. Usiweke hedi gasketi (kiziba kati ya bloku ya injini na hedi) nene. Gasketi nene inaongeza nafasi kati ya kingo za pistoni na hedi, ile nafasi ambayo kazi yake ni kubana mchanganyiko uelekee katikati, kwa plagi. Unaweza kushusha kompresheni na bado ukaongeza kugonga.

Konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, zibadilishwe injini ikiwa wazi. Kinachozipinda zaidi ni toki (nguvu ya kuzungusha) kubwa kwenye mizunguko ya chini, maana hapo shinikizo ndani ya silinda ndilo kubwa. Farasi 300 kwenye 6,500 ni kama Nm 330. Turbo ndogo mno inayomwaga bosti yote kwenye 2,500 itapita hapo kwa urahisi, na konrodi za kiwandani zitajipinda huku gari likisikika tamu kabisa. Kwa upande mwingine, hiyo kubwa uliyoiona huenda isiamke mpaka 5,000. Tafuta ramani ya kompresa yake (mchoro unaoonyesha ufanisi wake kwa kila shinikizo na kiasi cha hewa): weka alama kwenye uwiano wa shinikizo 2.0 na kilo 13.5 kwa dakika. Alama ikae karibu na kitovu cha ufanisi. Kisha weka nyingine ya mizunguko 3,500, uone kama haivuki mstari wa kushoto ambako kompresa inaanza kukohoa.

Nozeli za petroli: kwa silinda nne utahitaji za kama cc 590 kwa dakika kila moja, ukizifanyisha kazi kwa asilimia 80. Pampu ya petroli ipimwe kwa shinikizo litakalokuwepo kweli: kama reli inayolisha nozeli ni bar 3, bosti ya bar 1 inaifanya iwe 4, na pampu hutoa petroli pungufu shinikizo likipanda. Sensa ya shinikizo ya kiwandani haitaona bosti, weka ya bar 3. Klachi ya kiwandani haitabeba Nm 330. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo liwe nene, lishuke bila kujikunja, na liingie kwenye sampu (chungu cha oili) juu ya usawa wa oili, la sivyo turbo itavujisha oili hata ikiwa mpya. Mfumo wa kupumulia injini uwe na valvu ya njia moja inayoziba kweli.

Kabla ya yote hayo, pima injini uliyonayo. Pistoni ikiwa juu kabisa mwishoni mwa kugandamiza, valvu zote zikiwa zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa ya gereji kwenye tundu la plagi, usikilize. Ikitoka kwenye kifuniko cha oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, rejeta ikitoa mapovu ni gasketi au hedi.

Utaratibu wangu ni kufunga kompyuta, nozeli na sensa ya oksijeni ya waidibendi (inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli) kwanza, gari liendeshwe hivyo bila turbo mpaka liwe sawa. Turbo inafuata, na springi ya westigeti (mlango unaozuia bosti isizidi) ya bar 0.5, ili kitu chochote kikileta shida kuwe na mahali pa kurudi. Bar 1 inakuja mwisho, kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu za gari), mchanganyiko wa hewa kwa petroli ukiwa kati ya 11.5 na 12 kwa 1 chini ya bosti.

Tuma namba ya injini, matokeo ya kipimo cha hewa na jina kamili la hiyo turbo lililoandikwa kwenye kibati chake. Ukienda kuiona, shika shafti: ikicheza kidogo pembeni ikiwa kavu si neno, lakini ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa nyumba, iache.