Usiogope ya mshika mawili

Ndugu, umesema umesomea uhandisi wa mitambo, hujui kuandika programu, na umepata nafasi ya uzamili unaochanganya ubunifu wa aloi (mchanganyiko wa metali) kwa kompyuta na utengenezaji wa viwandani. Mimi ningeichukua.

Python, lugha ya kuandikia programu, utaijua ukiwa njiani. Kazi ipo kwenye fizikia: lazima ujue ni lini kompyuta inakudanganya. Chukua silikoni. Pengo lake la nishati (nishati ambayo elektroni inahitaji ili iweze kupitisha umeme) likipimwa maabara ni takriban elektronivolti 1.1, lakini hesabu za kawaida za msongamano wa elektroni (zile zilizompa mwanafizikia Walter Kohn Nobeli ya kemia mwaka 1998) hukupa karibu nusu ya hapo. Programu haitakuonya, itachapa jibu na kunyamaza.

Karakana nayo usiikwepe. Chuma kinachochapwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, hupoa kwa kasi mno, kikabaki na chembe za ndani ambazo mchoro wa awamu wa kwenye kitabu (unaoonyesha aloi huwa katika hali gani kwa kila joto na mchanganyiko) haukuzitabiri, pengine na vitundu. Kikate, king'arishe, kitazame kwa hadubini kwa macho yako mwenyewe.

Quantum ESPRESSO na LAMMPS, programu za kuhesabu tabia za elektroni na atomi, ni za bure, anza kuzichezea sasa.

Kabla ya kusaini, uliza kama utakuwa na wasimamizi wawili, na wakitofautiana nani ana neno la mwisho kuhusu tasnifu yako. Hapo ndipo wanafunzi wa kozi mseto hukwama, kuliko hata kwenye hesabu. Pata jibu kwa maandishi.