Swali la lugha: Tithi ya mjukuu wa Ba

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Mombasa, na ghorofa ya juu yetu yuko bibi mmoja wa Kigujarati ambaye jengo zima tunamwita Ba. Mjukuu wake alizaliwa tarehe 5 Agosti 2019. Nilijua anatimiza miaka saba tarehe 5 mwaka huu wa 2026, lakini Ba amenipa kadi nimtafsirie, ya kualika majirani tarehe 17. Anasema ndiyo siku yenyewe, "kwa tithi", yaani kwa hesabu yao ya mwezi. Nimeandika hivi: "Mnakaribishwa kusheherekea siku kuu ya kuzaliwa ya mjukuu wetu kwa mujibu wa kalenda ya Kihindi ya mwezi." Mume wangu amesoma akacheka, akasema sentensi nzima ina kasoro. Kasoro iko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo amezidisha. "Mnakaribishwa" haina neno, na "mjukuu wetu" imekaa vizuri. Mengineyo, ndiyo, yana kazi.

Nianze na dogo. Kitenzi kinatokana na "sherehe", kwa hiyo ni kusherehekea: she-re-he-ke-a. "Kusheherekea" umeisikia redioni na kila mahali, nami nimeshachoka kuikemea, lakini kwenye kadi iliyochapwa isiingie. "Siku kuu" nayo, ikiwa maneno mawili, ni siku yoyote iliyo kubwa. Ikiunganishwa, sikukuu, ni siku ya watu wote, kama Idi, Krismasi au Diwali. Krishna kuzaliwa ni sikukuu, na Wahindu huiita Janmashtami. Mtoto wa ghorofa ya juu hajafika huko. Yeye ana siku ya kuzaliwa, basi. Na ukitaka Kiswahili kitamu zaidi, achana na nomino utumie kitenzi ulichokitumia mwenyewe ulipokuwa unaniuliza: anatimiza miaka saba.

"Kihindi" ndipo watu wengi hujikwaa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mbohora anayekwenda msikitini ni Mhindi, Mgoa anayekwenda misa ni Mhindi, Kalasinga ni Mhindi, na hakuna hata mmoja wao aliye Mhindu. Katika kadi yako tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu Mabohora nao huadhimisha siku zao za kuzaliwa kwa mwezi, ila mwezi wao ni wa Hijria. Ukiandika "kalenda ya Kihindi" jirani Mbohora anaweza kudhani unasema yake. Andika "ya Kihindu". Babu zetu wangesema "ya Kibaniani", na methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa bado iko vinywani, lakini leo neno hilo lina harufu ya dharau. Kwa Ba usilipeleke.

Sasa "kalenda ya mwezi". Hapa Kiswahili chenyewe kimekutega. Mwezi ni ule wa angani, na mwezi ni ule wa mshahara. Kwa wazee waliotupa lugha hii vilikuwa kitu kimoja. Msomaji wa leo akiona "kalenda ya mwezi" anaona karatasi ya Agosti iliyobandikwa ukutani. Ukitaka wa angani, lugha inakupa mwezi mwandamo, na unaweza kusema kalenda ya mwandamo. Neno limetoka kwenye kuandama, kama tunavyosema mwezi umeandama, na hapo hapo lina hatari yake kwa kadi hii.

Mswahili wa pwani akisikia mwandamo anafikiria Ramadhani: mwezi unatafutwa kwa macho, na mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mara, mpaka mfungo uzunguke majira yote. Mwandamo wa Kihindu haufanyi hivyo. Kwanza hautafutwi kwa macho. Unapigiwa hesabu na kuandikwa katika panchang, kitabu cha hesabu za nyota na mwezi. Pili, mwaka wa miezi kumi na miwili ya angani una siku kama 354, na pengo likizidi huongezwa mwezi mzima wa ziada, uitwao adhik, takriban kila baada ya miezi 32 au 33. Mwaka huu umeongezwa, kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni. Ndiyo maana Diwali haitoki Oktoba na Novemba, wakati Idi tumeila wakati wa masika na tumeila wakati wa kiangazi.

Angalia tithi ya huyo mtoto, ambayo kwa tarehe uliyonipa ni ya tano baada ya mwezi kuzaliwa, katika mwezi wao wa Shravan. Mwaka 2023 iliangukia 21 Agosti, 2024 ikarudi 9 Agosti, 2025 ikarudi tena 29 Julai, yaani alitimiza miaka sita kabla cheti chake hakijakubali. Mwaka huu imeruka mbele hadi 17 Agosti. Ukiandika mwandamo peke yake, majirani watakuuliza kwa nini imekwenda mbele badala ya kurudi nyuma.

Je, tithi tuiiteje? Si tarehe, na wala si siku. Tithi ni muda ambao mwezi unaliacha jua nyuma kwa nyuzi 12. Kwa kuwa mwezi mara huenda mbio mara hukokota, muda huo huwa kati ya saa 19 na 26 hivi. Siku hupewa tithi iliyopo jua linapochomoza. Kwa hiyo iko tithi ambayo yaweza kuanza na kwisha bila kukutana na macheo, ikarukwa, na iko inayokutana na macheo mawili. Hakuna neno la Kiswahili lililobeba mzigo huo, nami sioni haja ya kulibuni. Acha "tithi", katika ngeli ya nyumba: tithi hii, tithi zake, na uifafanue mara moja mwanzoni. Wapo watakaosema tulitohoe, kwa sababu ile "th" ya Kigujarati si "th" ya thamani, ni "t" yenye pumzi. Ni kweli. Lakini tukiiondoa hiyo "h" tunabaki na titi la mtoto, na kadi itachekwa jengo zima.

Kinachotafsirika, tena vizuri kuliko unavyodhani, ni nusu za mwezi. Wagujarati husema sud kwa siku kumi na tano za mwezi unaokua, na vad kwa kumi na tano za mwezi unaopungua. Kila nusu huhesabiwa upya kutoka moja, kwa hiyo "tithi ya tano" peke yake haitoshi, maana ziko mbili kila mwezi. Muulize mvuvi wa dagaa, atakupa maneno: yeye hutoka na taa zake wakati wa giza, na kukiwa na mbalamwezi hutengeneza nyavu. Basi sud ni nusu ya mwanga na vad ni nusu ya giza. Usije tu ukaandika "mwezi 5 Shravan" kwa mfano wa "mwezi 27 Rajabu" au "mwezi 12 Mfungo Sita". Sisi tunahesabu moja kwa moja hadi 29 au 30.

Nimetaja Mfungo Sita kwa makusudi. Neno letu kongwe la kusherehekea mazazi kwa hesabu ya mwezi tunalo: maulidi. Kwa asili ya Kiarabu ni kuzaliwa tu, lakini Kiswahili kimeshampa Mtume peke yake, na neno likishapewa mtu halirudi sokoni. Kwa Ba halifai.

Wala asikudanganye mtu kwamba siku mbili za kuzaliwa ni kituko cha familia moja. Gandhi alizaliwa 2 Oktoba 1869, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa na serikali ya India. Lakini Gujarat wanayo pia Rentia Baras, "kumi na mbili ya gurudumu la kusokotea", ambayo ni tithi yake: ya kumi na mbili, nusu ya giza, mwezi wa Bhadarvo. Mtu mmoja, siku mbili, na hakuna anayeona ajabu.

Limebaki "kwa mujibu wa". Hilo lina sauti ya mahakama: kwa mujibu wa sheria, kwa mujibu wa katiba. Hapa hakuna aliyeamuru. Sema "kwa hesabu ya". Fupi, la nyumbani, na linaeleza kila kitu, kwamba miaka ni ileile ila kipimo ni kingine.

Kadi yako ningeiandika hivi:

"Mnakaribishwa Jumatatu tarehe 17 Agosti 2026 kusherehekea pamoja nasi. Mjukuu wetu anatimiza miaka saba kwa hesabu ya tithi, yaani kipimo cha mwendo wa mwezi angani katika kalenda ya Kihindu: ya tano, nusu ya mwanga, mwezi wa Shravan."

Kisha muulize Ba kama jioni hiyo kutakuwa na keki. Katika nyumba nyingi za Kihindu mtoto huwashiwa taa na kupakwa alama ya tilak katika paji la uso, na wapo wasiopenda kuzima mshumaa siku ya heri. Kama ndivyo kwao, usiandike "kukata keki" kwa mazoea tu.