Wanandoa hujiathiri au huathiriana?

Swali: Nasomea uzamili hapa Mombasa. Nimewahoji waume wafanyao kazi za zamu bandarini Kilindini, pamoja na wake zao, nijue uchovu wa mmoja unamgusaje mwenziwe. Niliandika "wanandoa hujiathiri", msimamizi akakata akaweka "huathiriana". Nifuate lipi? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Msimamizi wako kasema kweli, ndugu yangu, lakini "hujiathiri" usilitupe. Utalihitaji ukurasa mwingine wa tasnifu hiyohiyo.

Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake. "Wanajipenda" ni kila mmoja na nafsi yake. "Wanapendana" ni mapenzi ya wawili. Sasa tazama modeli ya mtendaji na mwenzi, yaani mchoro wa kitakwimu unaopima hali ya mtu inavyomgusa yeye mwenyewe na mwenziwe, ambayo mwanasaikolojia David Kenny wa Marekani ni mmoja wa walioieneza. Ina mishale minne. Uchovu wa mume huelekea kwenye ridhaa yake mwenyewe, yaani kuridhika kwake na ndoa, kisha kwenye ridhaa ya mkewe. Na uchovu wa mke vivyo hivyo. Mishale miwili ni ya -ji-: mume hujiathiri, mke hujiathiri. Miwili ni ya -mw-: mume humwathiri mkewe, mke humwathiri mumewe. "Huathiriana" huibeba hii miwili ya mwisho kwa pamoja, wala haisemi nani kamgusa mwenziwe zaidi.

Hapo ndipo nakuomba uwe mwangalifu sana. Hesabu zikikuonyesha kuwa uchovu wa mume unashusha ridhaa ya mke, ila wa mke hauonyeshi dalili ya kumgusa mume, ukiandika "huathiriana" utakuwa umedai jambo ambalo data yako haikulisema. Andika wazi: "uchovu wa mume humwathiri mke". Na usije ukaandika "wanamwathiriana". -Ana haikai na kiambishi cha mtendwa.

Pia, ukihoji watu 120 waliooana, ripoti jozi 60 za wanandoa. Majibu ya watu wa nyumba moja huelekea kufanana, na ukiyachambua kana kwamba kila mtu yuko peke yake, vipimo vya umuhimu wa kitakwimu, vinavyopima kama matokeo yanaweza kuwa ya bahati tu, vitakupotosha.

"Mume" na "mke" ni majina yanayokutosha kutenganisha pande mbili. Mtafiti wa marafiki wawili, au mapacha wa kike, hana majina hayo. Yeye ataandika "mmoja" na "mwenziwe", na kwenye uchambuzi pande zote mbili atazipa makadirio yaleyale.