Breki ya Mbele Unamtunzia Nani?

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa, nina umri wa miaka 41, na pikipiki nimeinunua mwezi wa Machi baada ya kuchoka kugombea daladala kila alfajiri. Aliyenifundisha kuiendesha ni shemeji yangu, kwa jioni nne tu katika uwanja wa mpira, na jambo alilolirudia kuliko mengine yote ni kwamba nisiiguse kabisa breki ya mbele, kwa kuwa itanirusha juu ya usukani. Nilitii. Jumanne moja nilikuwa nateremka kutoka mjini kwenda Ipogolo kwa mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, na daladala iliyokuwa mbele yangu, hatua 20 hivi, ikasimama ghafla katikati ya njia kumchukua abiria aliyepunga mkono. Nilikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Tairi la nyuma likalia, mkia wa pikipiki ukachepuka kulia, na nilipokuja kutulia nilikuwa nimesimama upande wa magari yanayopanda, natazamana na lori ambalo, kwa rehema za Mungu, lilikuwa linapanda kwa gia nzito na dereva wake akawahi kusimama. Konda wa daladala alishuka, akautazama mchirizi mweusi niliouacha kwenye lami, akaniuliza: "Mwalimu, hiyo breki ya mbele unamtunzia nani?" Tangu siku hiyo sijaipanda tena. Je, alikosea shemeji au nilikosea mimi, na mtu wa umri wangu anaweza kujifunza kufunga breki bila kuhatarisha maisha yake?

Mwalimu, Iringa Mjini

JIBU: Mwalimu, pole sana, na nakushukuru kwa kulieleza tukio lenyewe kwa ukamilifu, maana barua nyingi za aina hii huishia kwenye "nilinusurika" bila kusema mguu ulikuwa wapi na mkono ulikuwa unafanya nini. Konda amesema kweli. Shemeji yako hakukusudia ubaya. Amekurithisha hofu ambayo huenda naye aliipata kijiweni, na hofu hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu breki ya mbele ikibanwa yote kwa mkupuo mmoja inaweza kweli kulifunga gurudumu na kukulaza chini kabla hujajua kilichotokea. Lakini kisu kikiwa kikali, watu hufundishwa namna ya kukishika. Hawaambiwi wakate nyama kwa mwiko.

Kabla hujawasha injini tena, fanya jaribio hili dogo. Simama kando ya pikipiki, shika usukani, isukume mbele taratibu kwa mwendo wa kutembea, kisha bana breki ya mbele. Utaona shokapu za mbele zikizama na kiti kikiinuka kidogo kwa nyuma. Huo ndio uzito unaohama, na ndiyo siri yote ya kufunga breki: kila unapopunguza mwendo, uzito wa pikipiki na wako mwenyewe huegemea gurudumu la mbele, tairi la mbele likakandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, huku la nyuma likibaki jepesi na kuwa tayari kuteleza. Ndiyo maana walimu wengi wa pikipiki husema kwamba kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi ya kukusimamisha. Kwenye mteremko kama ule wa kwenda Ipogolo mambo huzidi, kwa kuwa hata kabla hujagusa breki yoyote uzito umekwisha kuinamia mbele. Kwa hiyo mguu wako ulikuwa umelikaba gurudumu lililokuwa na uwezo mdogo kuliko lile jingine, mahali ambapo uwezo huo ulikuwa umepungua zaidi.

Wewe si wa kwanza, na jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha uchunguzi wao wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni kwamba wapanda pikipiki wengi, walipokabiliwa na hatari, walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi hadi tairi likaburuzika, huku ile ya mbele wakiitumia kidogo mno. Mtu aliyeshikwa na hofu hufanya kile ambacho mwili wake umekizoea, na mwili wako ulikuwa umezoeshwa mguu peke yake.

Tuzitazame hesabu kidogo, nawe ni mtu wa hesabu. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kupeleka mkono na mguu kwenye breki, mita 14 zimekwisha kupita bure. Kwenye lami kavu na tambarare, mtu anayetumia breki zote mbili vizuri anahitaji kama mita 14 nyingine ili asimame. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji takriban mara mbili ya hapo, na kwenye mteremko wote wawili huhitaji zaidi. Daladala ilikuwa hatua 20 mbele yako, yaani mita 15 hivi. Hata dereva hodari asingesimama salama kwa umbali huo, na hapa, Mwalimu, kosa si la shemeji tena. Ungekuwa unakwenda kilomita 40, kushtuka na kusimama kwa breki zote mbili kungechukua kama mita 20 badala ya 28, na hizo mita nane ulizookoa ni ndefu kuliko Hiace nzima.

Sasa kuhusu kujifunza. Umri wa miaka 41 si kikwazo. Nimewafundisha wazee wa miaka 60 wakaelewa haraka kuliko vijana, kwa sababu wazee hawana haja ya kumwonyesha mtu chochote. Uwanja wa mpira haufai kwa zoezi hili, kwani nyasi na vumbi vitakudanganya. Tafuta kipande cha lami kilichotulia, kama eneo la maegesho lisilo na magari Jumapili asubuhi, uombe ruhusa, na uende na mtu wa kukuangalizia njia. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake, vaa suruali nzito, glavu, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Ukiweza kulipia siku chache za mafunzo katika chuo cha ufundi stadi cha VETA kinachofundisha udereva, fedha hiyo haitapotea, hasa kama leseni ya pikipiki hujaipata bado.

Anza kwa kilomita 20 kwa saa, ukiwa umeweka jiwe au dumu mahali utakapoanza kufunga breki. Ukifika hapo achia mafuta, gusa breki zote mbili kwa pamoja, kisha uongeze nguvu ya mkono. Ubanaji wa breki ya mbele una awamu mbili. Ya kwanza ni kuondoa ulegevu wa mkono wa breki mpaka uhisi imeanza kushika na mbele imeanza kuzama. Ya pili ni kuendelea kukaza kadiri uzito unavyozidi kuja mbele. Fikiria unavyokamua ndimu: huipigi ngumi, unaibana, unaongeza, unaongeza tena. Mguu nao uwe mwepesi tangu mwanzo na uzidi kuwa mwepesi kadiri nyuma inavyoinuka. Bana tangi kwa magoti ili mwili usikimbilie usukani, bonyeza klachi kabla injini haijazimika, rudisha gia ya kwanza, na mguu wa kushoto ndio utangulie ardhini, kwa sababu wa kulia bado una kazi kwenye breki. Macho yawe mbali, mahali unapotaka kwenda. Anayekazia macho bampa ya gari huishia kwenye bampa hiyo, na sababu yake sijawahi kuieleza vizuri kuliko kusema kwamba mikono huyafuata macho.

Rudia hivyo mara 15 au 20, upime kwa hatua umbali kutoka kwenye jiwe hadi uliposimama, uandike kwenye daftari. Usipande kwenda kilomita 30, na baadaye 40, mpaka umbali huo umepungua na kutulia, yaani hauchezi kutoka hatua nne hadi tisa. Fanya nusu saa kwa siku, kisha pumzika, maana vidole vilivyochoka hubana kwa kushtuka.

Siku moja katika mazoezi tairi litafunga. Likifunga la mbele, utahisi usukani umekuwa mwepesi kama hauna kitu chini yake: achia mkono mara moja, gurudumu lizunguke, kisha bana upya kwa upole. La nyuma likifunga na pikipiki bado imenyooka, legeza mguu. Lakini mkia ukiwa umekwisha kuchepuka, kama ulivyochepuka wako, usiachie. Shikilia mpaka usimame. Bila kujua, siku ile ulifanya jambo hili moja sawasawa, kwani ungeachia ghafla, tairi lingeshika lami upya na pikipiki ingejinyoosha kwa kishindo cha kukurusha upande wa pili, mbele ya lori. Kuna pikipiki zenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga, na Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa aina mpya zenye injini ya zaidi ya cc 125 kuanzia mwaka 2016. Nyingi kati ya hizi tunazopanda kwetu hazina, kwa hiyo mfumo wenyewe ni vidole vyako.

Ukirudi kwenye mteremko wako, ushuke ukiwa gia ya pili au ya tatu ili injini ikushikilie, na usiweke nyutro, ile ambayo vijana wa bodaboda huiita frii na kuisifu kwamba inaokoa mafuta. Breki za ngoma, yaani zile zinazobana ndani ya kitovu cha gurudumu, zikishikwa mfululizo mteremko mzima hupata moto, huanza kunuka, kisha huchoka, na huchoka wakati unapozihitaji. Kaa nyuma ya daladala kwa nafasi ya sekunde mbili au zaidi: chagua nguzo, daladala ikishaipita nguzo hiyo, utamke taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili", ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Usingoje taa zake za breki, kwani mara nyingi zimeungua. Mtazame konda: akianza kutoa kichwa dirishani au kushika mlango, au ukimwona mtu kando ya njia ameinua mkono, daladala hiyo itasimama, iwe kuna kituo au hakuna. Hapo achia mafuta na uweke vidole juu ya mkono wa breki tayari. Mimi kwenye breki ya ngoma hutumia vidole vinne, kwenye ya diski viwili hunitosha.

SWALI: Mimi ni mama ninayeuza machungwa Muheza, na hupakia magunia mawili nyuma ya pikipiki. Nikiwa na mzigo naona breki hazishiki kama nikiwa peke yangu, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Fundi amenikazia breki mara tatu mwezi huu. Tatizo ni nini?

Mfanyabiashara, Muheza

JIBU: Mama, matatizo yako ni matatu, na fundi analishughulikia moja tu. La kwanza ni kwamba mzigo wa nyuma huvuta uzito kwenye gurudumu la nyuma, mbele ikawa nyepesi hata usukani ukayumba. Kwa hiyo ukiwa umepakia, tofauti na nilivyomwambia Mwalimu wa Iringa, breki ya mguu inaweza kufanya sehemu kubwa zaidi ya kazi, ingawa ya mkono bado unaihitaji. Hata hivyo breki ni zilezile na kinachosimamishwa kimeongezeka, kwa hiyo hutasimama kwa umbali uliouzoea. Punguza mwendo, fungia magunia chini na mbele kadiri inavyowezekana, na ujaze upepo wa kutosha kwenye tairi la nyuma.

La pili ni maji. Ukipita kwenye dimbwi, maji yakiingia kwenye ngoma breki huteleza ndani yake. Ukishatoka, endesha polepole ukigusa breki kidogokidogo mpaka uhisi zimeanza kukamata tena. Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi zina hatari ya peke yake, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami huelea, na michoro myeupe ya kivuko huwa kama sabuni.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Breki inayokazwa mara tatu kwa mwezi mmoja inasema kwamba breki shuu, vile vipande vinavyobana ndani ya ngoma, zimekwisha. Pikipiki nyingi za breki ya ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa chuma ulio kando ya gurudumu la nyuma, na alama iliyochongwa kwenye bati la ngoma. Mwambie mtu akanyage breki mpaka mwisho wakati wewe umechuchumaa unatazama. Mshale ukifika kwenye alama hiyo au ukiipita, usikubali nati ikazwe tena. Nunua breki shuu mpya kabla ya kupakia gunia jingine.